Hesabu ya Vizibo

Choo cha soko la Kibuye ni shilingi kumi.
Karatasi ni juu yangu, vipande vitatu;
ukiomba cha nne nitakuuliza umekula nini.
Nakaa mlangoni, juu ya kreti ya soda,
mgongo ukutani, na nyuma ya ukuta ndipo lilipo bomba.

Bomba hilo lilikuwa na kilio.
Ukilifungua, nyiii, kama mtoto wa mbuzi;
ukilifunga, nyi, fupi, kama aliyenyimwa.
Sikuwa na haja ya kumchungulia mtu.
Aliyenawa nilimsikia. Asiyenawa nilimsikia zaidi:
mlango, ndara, ndara, na huyo nje juani
akijipangusa kwenye suruali
kana kwamba suruali ni ziwa.

Nilianza kuhesabu mwaka ule wa kipindupindu,
watu wa afya walipobandika picha ya mikono yenye povu
wakaondoka na kamera yao.
Kizibo cha soda kopo la kushoto: amenawa.
Kizibo kopo la kulia: hajanawa.
Jioni ya kwanza nikamwaga vyote kwenye kanga.
Kushoto kumi na tisa. Kulia themanini na viwili.
Nikasema ni Jumapili, soko limefurika, watu wana haraka.
Jumatatu haikuwa na haraka.
Kulia ilikuwa vilevile.

Kuna Min Obura wa omena. Yeye hunawa akiingia,
akitoka anapita tu.
“Adongo, huko ndani ni kwangu mwenyewe.
Uchafu ni huu wa pesa za watu.”
Nikashika kizibo chake nusu saa
nikitafuta kopo la tatu.

Kuna mhubiri, anayeosha dhambi za soko zima
kwa kipaza sauti cha betri.
Hajapata kuliliza bomba langu hata mara moja.
Akitoka hunishika mkono kwa mikono yake miwili,
“Ubarikiwe, dada,”
nami huipokea baraka, ina unyevunyevu.

Kuna karani mmoja mwenye tai,
aliyelifungua bomba, akalifunga,
na katikati maji yakagonga saruji tupu.
Maji yakipita mkononi hunong'ona, nayajua.
Yeye alitaka nisikie tu.
Huyo nilimtilia vizibo viwili, vyote kulia.

Na mtoto wa Nafula muuza ndizi, miaka minne,
hunawa mpaka viwikoni, hunawa magoti,
hunawa na soksi niliyofungia sabuni,
mpaka nimwite kwa ukali atoke.
Sabuni ni pesa, jamani.

Mnataka kuniuliza mimi je.
Mwezi wa pili maji yalikatika siku nne.
Ndoo niliyonunua ilikuwa ya wateja, shilingi hamsini.
Siku ya tatu niliingia, nikatoka,
nikala mahindi ya kuchoma kwa mkono huohuo.
Kizibo changu nilikitia kulia, sikujipendelea,
ila nilikisukuma chini kabisa, chini ya vingine.

Juma lililopita akaja fundi wa kaunti, Wamukota,
na spana, na raba mpya, na grisi.
Kazi ya dakika kumi. Akajaribu: fungua, funga.
Kimya.
“Lilikuwa linakusumbua, mama,” akasema,
akangoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Sasa mlango unafunguka, mlango unafungwa.
Wanatoka na nyuso zao zilezile.
Maji yananong'ona au hayanong'oni,
soko lina kelele, na masikio yangu si ya juzi.
Makopo nimeyageuza ya chenji,
kushoto kumi kumi, kulia tano tano.

Leo asubuhi mhubiri amenyoosha mikono yake miwili.
Ilikuwa imelowa, yadondoka.
Nimeitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu.
Nyuma yake foleni,
na Min Obura akiuliza kuna nini hapo mbele.
Nikampa wangu.